Barua ya wazi kwa wakubwa wa magemu: mimi ni mkazi wa Oregon ninayeishi Tabata

Wakubwa wa makampuni ya magemu, na nyie mnaokaa kwenye maduka yenu ya mtandaoni mkiamua nani anunue na nani asinunue, shikamooni. Najua wengine humo ni vijana tu wa umri wangu ila kwa hapa nilipo mwenye orodha ndo mkubwa, kwa hiyo nawaamkia wote kwa pamoja tusije tukagombana mapema.

Nianze kwa kuungama. Kwenye konsoli yangu mimi ni mkazi wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, zipu kodi (namba ya posta ya eneo) 97201. Sijawahi kufika huko, sijui hata wanakula nini, na pasipoti sina. Naishi Tabata, Dar es Salaam, vyumba viwili vya kupanga, LUKU ya kuchangia na jirani mwenye friji ambalo nina mashaka nalo, na gemu nacheza usiku watoto wakishalala. Ila ukiiuliza akaunti yangu itakwambia huyu jamaa ni wa Portland tangu 2019.

Nchi yangu haimo kwenye orodha yenu ya nchi, kwa hiyo ukifungua akaunti lazima ujifanye wa nchi nyingine. Sasa kwa nini Oregon? Muulize fundi yeyote wa PS pale Kariakoo atakujibu bila kuinua kichwa, kule hawana kodi ya mauzo bana, gemu la dola 70 unalipa dola 70 kamili, ukichagua majimbo mengine wanakupandishia juu yake. Yaani kijana ambaye hajawahi kupanda hata ndege ya kwenda Mwanza anazijua kodi za majimbo ya Marekani utadhani kasomea. Huyo aliyenifungulia mimi alikuwa na kadaftari, anwani imeandikwa ukurasa wa kwanza kwa peni nyekundu, mtaa, namba ya nyumba, zipu kodi, na kila mteja akija anaingiza ileile. Huwa naifikiria sana hiyo nyumba. Kama ipo kweli basi ina wakazi wa Tabata, Mbagala, Buguruni, Tandika, wengine wa Dodoma huko, imejaa kuliko daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, na mwenye nyumba hana habari.

Sasa shida yangu kwenu ni moja tu na mengine yote yanatokea hapo hapo. Nataka kuwapa hela, na hamtaki kuipokea mpaka kwanza nidanganye.

Naomba mnielewe nilipotoka. Mimi nimekulia banda la PS. TV ya chogo, benchi la mbao, PS2 iliyochipiwa, gemu la mpira la Winning Eleven, shilingi 100 mechi moja, aliyefungwa anatoka, na mwenye banda amekaa mlangoni na kopo la hela anakwambia usiminye pedi kama unakanda unga. CD zilikuwa za kuchoma, zimeandikwa kwa makapeni, buku jero moja, na katika miaka yote ile hakuna hata senti moja ya mtaa wetu iliyofika kwa aliyelitengeneza lile gemu. Tulikuwa watoto na mwenye banda naye alikuwa anatafuta ugali, hakuna aliyekaa akawaza kuhusu haki miliki. Ila leo nina kazi, nina mshahara ambao sio mkubwa ila upo, na nimeshajifunza kwamba gemu linatengenezwa na watu mamia kwa miaka na wao wana kodi ya nyumba kama mimi. Nikaamua kabisa kwamba kuanzia sasa nanunua halali. Hakuna kitu kilichonipa tabu kama huo uamuzi, bora ningeendelea na CD za makapeni.

Ngoja niwaambie ya Desemba iliyopita, na humu simtaji mtu wala duka wala kampuni, yaliyonipata yabaki yangu. Kulikuwa na gemu limeshushwa bei nikalipigia hesabu wiki nzima. Kadi yangu ya benki ya hapa nikiiweka inakataliwa kwa sababu kadi ni ya Tanzania na mimi si ni wa Portland. Kwa hiyo njia ni gifti kadi, ile kadi yenye namba za siri unazoingiza kwenye akaunti hela ikaingia. Nikatafuta muuzaji Instagramu, ana wafuasi wengi, ana zile picha za wateja wakishukuru, nikamuuliza kadi ya dola 50 akasema 150,000. Ukipiga hesabu ya dola ya siku ile unaona kabisa kuna kama elfu ishirini ya kwake, poa, naye ana familia. Nikatuma kwenye simu, makato ya kutuma juu yangu, ikaja skrini shoti ya kadi imekwanguliwa vizuri. Nikakaa chini nikaanza kuingiza na pedi, si mnajua ile kibodi ya kwenye TV, herufi moja moja, kushoto kulia juu chini, herufi na namba kumi na mbili, nimekosea ya tisa nikarudi. Nabonyeza kuthibitisha inaniambia haikubaliki katika nchi yako.

Nchi yangu ipi sasa?

Kumbe kadi ni ya Uingereza, ya paundi, na mimi akaunti ni ya Marekani. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwa ustaarabu kabisa, bosi kadi ni nzima, tatizo ni akaunti yako, ningekuuliza mwanzo ila ulikuwa na haraka. Baada ya hapo tiki moja. Nikasema basi niende huduma kwa wateja ya duka lenyewe, labda watanibadilishia. Nafungua chati, dada au kaka au roboti sijui, ananisalimia kwa jina langu, halafu swali la kwanza kabisa, tafadhali thibitisha anwani yako na mahali ulipo kwa sasa. Nikaacha mikono juu ya kibodi. Nikisema Tabata, nimevunja masharti yao niliyoyakubali bila kuyasoma na akaunti yenye magemu ya miaka mitano wanaweza kuifunga. Nikisema Portland, naongeza uongo juu ya uongo na hela yangu bado iko kwa jamaa wa Instagramu. Nikafunga chati. Laki na nusu ikaenda hivyo, nikamwambia mke wangu nimemkopesha mtu kazini.

Hapo ndo palipo na msumari wakubwa. Sio ile hela, ni kwamba sina pa kulalamikia. Mteja wenu wa Ujerumani akiuziwa gemu bovu anapiga kelele anarudishiwa hela yake, mimi nikipiga kelele najichoma mwenyewe. Mmenitengeneza niwe mwizi kwenye kitu nilichokilipia, na mwizi akiibiwa hapigi yowe.

Na msije mkadhani ni mimi tu nalialia. Mwaka 2024 dunia nzima iliona. Helldivers 2, gemu la studio ya Arrowhead ya Sweden, Sony ndo walilitoa, lilitoka Februari 8 kwenye PS5 na kompyuta, likalipuka, watu wakapigana na wale wadudu wao usiku na mchana. Kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, liliuzwa mpaka huku kwetu, unalipa kwa dola yako unacheza, hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Mwanzoni mwa Mei Sony wakatangaza kila anayecheza kwenye kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PSN, yaani ule mtandao wa PlayStation wa Sony wenyewe. Watu wakauliza swali la kawaida kabisa, na wale ambao nchi zao PSN haipo wafanyeje? Jibu likaja kwa vitendo, gemu likaondolewa kwenye mauzo ya Steam katika nchi na maeneo 177. Mia moja sabini na saba! Umoja wa Mataifa wenyewe una wanachama 193. Watu waliokuwa wameshalipa, wameshacheza miezi mitatu, ghafla wakawa wageni. Wachezaji wakachachamaa, Mei 6 Sony wakafuta lile sharti, na nawapa pongezi kwa kusikia, sio wote mnasikia. Lakini kufuta sharti hakukurudisha mauzo hapohapo kwenye zile nchi, na mwezi huohuo gemu lao lingine, Ghost of Tsushima ya kompyuta, ikatoka ikiwa imeshafungiwa vilevile huko kwenye nchi zisizo na PSN.

Afrika ina nchi 54. Kwenye orodha ya PSN ipo Afrika Kusini. Basi. Lagos na wingi wote ule wa watu haipo, Nairobi ambako kila mtu analipa kwa simu mpaka mchicha haipo, Dar haipo. Ila binamu yangu yuko Maskati, tumezaliwa naye nyumba moja Tanga, yeye anachagua Oman kwenye orodha, anaingia supamaketi ananunua kadi ya Oman kwenye rafu karibu na chungamu, anarudi nyumbani anacheza, na akipata tatizo anawaandikia kwa jina lake na mtaa wake. Ni damu moja, Kiswahili kimoja, hata kwenye FIFA namfunga, tofauti ni kwamba yeye kwenu ni mtu na mimi ni uvumi. (Naendelea kuiita FIFA, ndio najua jina limebadilika kuwa EA Sports FC tangu 2023, nendeni banda lolote mkawaelezee.)

Na msiniambie Afrika hamuijui. Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony ulitangaza kuweka hela kwenye Carry1st, kampuni ya magemu ya simu yenye makao Afrika Kusini ambayo inawauzia Waafrika. Kwa hiyo mkiwa mnatafuta faida mnatuona vizuri tu, tukija kujaza fomu ndo macho yanaingia ukungu.

Haya, bei. Zamani konsoli ilikuwa kama mtumba, unavyosubiri ndo inavyoshuka, hiyo ndo ilikuwa akili ya sisi masikini, acha wenye hela wachukue ya kwanza sisi tunakuja nyuma taratibu. PS4 ilitoka 2013 kwa dola 399, 2016 ikaja ile nyembamba kwa 299. Nikasubiri PS5 kwa akili hiyohiyo. Ilitoka Novemba 2020 dola 499 yenye sehemu ya CD, na Agosti 2025, miaka karibu mitano baadae, Marekani wakaipandisha ikawa 549.99. Kitu kinazeeka bei inapanda! Hiyo ni konsoli au kiwanja Kigamboni? Xbox nao Oktoba 2025 Game Pass Ultimate, ile ya kulipia kila mwezi ucheze magemu mengi, ikatoka dola 19.99 kwa mwezi ikawa 29.99, Nintendo wakaleta Switch 2 Juni 2025 na Mario Kart World wakaiwekea dola 79.99. Mnasema ni ushuru wa Marekani, mnasema ni gharama, sasa hivi mnasema ni memori zimenunuliwa zote na watu wa akili bandia, sawa, mengine ni kweli najua. Ila dola 50 ikipanda kwenu, kwetu haipandi 50. Inapita kwa aliyeileta Dubai, inapita bandarini, inapita kwenye VAT ya asilimia 18, inapita kwa wa jumla na wa rejareja, na kila mmoja anasema dola imepanda, ikifika kwangu imeshakuwa laki tatu na nimeambiwa bosi hii ni bei ya kukutengenezea jina.

Halafu kuna hili la dola lenyewe linanichekesha. Machi 2025 serikali yetu ilitoa kanuni, kuweka bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi marufuku, hata wenye nyumba za Masaki waliozoea kudai kodi kwa dola ikabidi wabadilike. Mimi wa Tabata sijawahi kudaiwa kodi ya nyumba kwa dola maishani ila gemu la mpira naandikiwa dola.

Sasa hapa kwenye CD naomba mkae vizuri maana naona hamuelewi kabisa CD ni nini huku. Kwenu CD ni plastiki ya kizamani inayojaza rafu. Kwetu CD ni mali, ni akiba, ni kama kuku. Nilinunua gemu moja la PS5 kwa 160,000, nikalimaliza wiki tatu, nikaenda kulibadilisha kwa jamaa wa Sinza nikaongeza 30,000 nikapata lingine, hilo nikalimaliza nikamuazima shemeji, shemeji kalirudisha na mkwaruzo tukagombana tukapatana, mwisho nimeliuza 90,000 nikanunulia watoto viatu vya shule. Fanya hiyo na gemu la kidijitali uone. CD moja ya mpira mtaani inapita mikono sita mpaka mwaka uishe, na katika hao sita wawili watatu baadae wanapata kazi wanaanza kununua mpya, hivyo ndo wateja wanavyozaliwa. Nyie mnaona watu watano waliokwepa kulipa.

Ndo maana nilivyoona PS5 Pro imetoka Novemba 2024 kwa dola 699.99 haina hata pa kuingiza CD, ununue pembeni, nilikaa kimya kidogo. Na hata hizo CD zenyewe mmeanza kuzitoa roho. Gemu la DOOM: The Dark Ages, Mei 2025, watu wakaichunguza CD yake ya PS5 wakakuta ndani kuna MB 85. Jamani MB 85, wimbo na video yake unazidi hapo. Boksi zuri, picha nzuri, CD inang'aa, ndani ni karatasi ya kukuambia nenda kadaunilodi. Nintendo nao kwenye Switch 2 wana zile kadi za ufunguo, unanunua kadi dukani, unaichomeka, gemu lenyewe halimo. Mtu anayeuza boksi lisilo na kitu sisi Kariakoo tuna jina lake na huwa anafukuzwa na mawe.

Na kudaunilodi mnakosema sio jambo la kusema hivyo kirahisi. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ilikuja na CD mbili, wakati ule nililalamika kubadilisha CD, leo naomba msamaha, zirudisheni hata tano. Kwangu hakuna waya wa intaneti, kuna simu na bando. Gemu lina GB 100 na zaidi. Nanunua bando la usiku, naweka alamu saa sita, nawasha hotispoti, simu naiegemeza kwenye nondo za dirisha maana hapo ndo mtandao unapanda, chini yake nimeweka kitambaa isikwaruzike, na feni ya meza naielekezea simu sio mimi kwa sababu ikichemka inazima. Saa kumi na moja naamka kuangalia. Asilimia 31. Kesho tena. Siku ya nne au ya tano inafika mia, nafurahi, nawasha, inaniambia kuna apdeti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika nilikuwa asilimia 88, sitaki hata kuikumbuka.

Nimevumilia yote hayo nikiamini angalau mwisho wa siku gemu ni langu. Kumbe nalo sio. Ubisoft walizima sava za The Crew Machi 31, 2024, gemu la magari lililotoka 2014, na kwa kuwa lilitaka intaneti hata ukicheza peke yako basi likafa lote, aliyenunua amebaki na kumbukumbu. Kuna jamaa anaitwa Ross Scott akaanzisha kampeni ya kuzuia mambo hayo, huko Ulaya wakakusanya sahihi zikapita milioni moja kupeleka kwa wakubwa wa Umoja wa Ulaya. Nilitaka sana kusaini. Ila ilibidi uwe raia wa Umoja wa Ulaya, na mimi hata kwa uongo wangu ni Mmarekani. Nikasikia tena California wana sheria tangu Januari 1, 2025, duka likikuuzia kibali tu cha kutumia haliruhusiwi kukuandikia nunua bila kukueleza wazi kwamba sio mali yako. Nikafurahi nusu dakika kisha nikakumbuka niko Oregon. Ningejua ningemwambia fundi aniandikishe California, ila kule kodi ipo. Ona maisha mliyonipa, nakaa Tabata napiga mahesabu nihamie jimbo gani.

Kwenye gemu lao la Concord walau Sony walikuwa waungwana, ilitoka Agosti 23, 2024, Septemba 6 wakaizima, na hela wakarudisha. Na GTA VI sina la kusema, trela ya kwanza tuliiona Desemba 2023, wakasema 2025, wakasogeza Mei 2026, wakasogeza tena Novemba 19, 2026, mimi nasema wachukue muda wao watu walale, GTA V ilitoka nikiwa sijaoa na sasa nina watoto wawili, nikisubiri kidogo tutaicheza wote. Ninachoogopa ni siku ikitoka, mtaa mzima utataka kulipa kwa mara ya kwanza kwenye maisha yao, vijana wa bodaboda wameshaanza kuweka vibubu, na wote watapelekwa kwenye ile nyumba ya Portland.

Kwa hiyo naomba nini? Sio bei ya huruma, ingawa mkituwekea bei inayolingana na mifuko yetu kama Steam wanavyofanya kwa baadhi ya nchi hatutakataa. Naomba nchi iwepo kwenye orodha, mwanzo ni hapo. Ikishakuwepo mengine yanakuja yenyewe. Wekeni M-Pesa, wekeni Airtel Money, HaloPesa, wekeni Mixx by Yas ambayo bado tunaiita Tigo Pesa, sisi tunalipia LUKU, king'amuzi, ada ya shule na michango ya harusi kwa simu, mnadhani gemu litatushinda? Wale mawakala wa kadi za magendo watakosa kazi kwa wiki moja. CD wekeni gemu zima humo hata ikibidi ziwe mbili. Na mtupe njia ya kuhama, hili ni muhimu sana na nadhani hamjaliwaza, siku mkiiongeza Tanzania msije mkatuambia tufungue akaunti mpya tuanze sifuri tuache magemu ya miaka yote kule Marekani. Wekeni wiki moja ya msamaha, kila mtu aseme anapoishi kweli bila kufungiwa. Nawahakikishia Portland itapungua watu wengi siku hiyo.

Na nyie wauzaji wa hapa nyumbani msijifiche nyuma ya barua, nimewaona. Pedi ya elfu 45 mnaiita orijino, nyepesi kama boksi la njiti, skrubu zimeshaguswa, wiki ya pili mchezaji anatembea mwenyewe kushoto uwanja mzima, nikirudi naambiwa waranti ni ya kujaribu hapahapa dukani. Tutaongea siku nyingine, leo nina wageni.

Nimalizie na kilichonifanya nikae kuandika haya yote. Jumamosi binti yangu wa miaka tisa alitaka akaunti yake, kachoka kucheza kwenye yangu, na kwa kuwa darasa la tatu wanasoma kweli siku hizi akasema baba niache nijaze mwenyewe. Jina kajaza. Tarehe ya kuzaliwa kajaza. Ikafika nchi, orodha ikafunguka, akaanza kushuka na pedi taratibu huku anasoma kwa sauti, Singapuri, Slovakia, anayajua mengine kwenye ramani ya darasani, akafika Taiwan, akabonyeza, ikaja Thailand. Akarudi juu. Taiwan. Akashuka. Thailand. Akarudi tena, safari hii polepole kama mtu anayetafuta hela iliyodondoka.

"Baba, Tanzania wameiruka."

Nikamwambia lete pedi. Akaniuliza sasa tunaandika wapi, nikashuka chini mpaka Marekani, na zipu kodi sikuhitaji hata kuangalia popote.

Wenu mteja,
97201